Ukishindwa Kuitikia, Punguza

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, mpaka leo mkono unanienda wenyewe kifuani. Wewe ulikuwa hujaota hata meno. Kaa hapa kwanza, na hiyo saa yako ya kupima mapigo ya moyo ivue uiweke mezani. Tangu juzi uliporudi mbioni ukanionyesha inavyowaka moyo ukizidi kasi, huku unacheka, "Mzee, nimeigonga nyekundu siku ya kwanza tu!", mimi sijapata usingizi wa maana.

Babu yako unamjua kwa picha. Alianguka dukani, hapa hapa Kariakoo, akimpimia mteja kitambaa. Hakuugua, hakuaga. Tukampeleka kwao Kilimanjaro kumzika, nikarudi na funguo za duka. Miaka ikapita, nikaoa, ukazaliwa wewe, na mimi nikawa yeye mtupu: kutwa kwenye kiti, chipsi mchana, nyama choma jioni, tumbo linatangulia. Siku moja nikapanda ngazi na jora la kitenge begani, nikahema hadi nikakaa chini. Basi hofu ikaniingia. Nikawa kila nikilala naweka vidole shingoni kusikiliza kama moyo bado unadunda. Nakutazama umelala kando ya mama yako, nawaza: huyu naye atanijua kwa picha.

Nikajiunga na klabu ya joging ya mtaani. Unazijua hizi za Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, mtaa mzima uamke upende usipende. Aliyekuwa akiongoza nyimbo ni Bibi Mwanaidi, mwenyeji wa Kariakoo hasa, nyumba yao ilikuwapo kabla ya maghorofa haya yote. Mtu mzima, mwili anao, wala hana haraka na mtu. Nilipomwamkia shikamoo, akasema, "Marahaba, Mangi," maana sisi wenye maduka tuliotoka Kilimanjaro wote kwao ni Mangi. "Leo u mgeni. Kaa nyuma na mimi. Nikiita, itikia. Ukishindwa kuitikia, punguza. Hapa hatuna sheria nyingine."

Nyuma! Mimi mwanamume mzima nikae nyuma na bibi! Nikasema moyoni, kifo hakinifuati taratibu, na mimi sitakikimbia taratibu. Mbele walikuwa wabeba mizigo wa sokoni, vijana wenye miguu iliyozoea kwa miaka, nikajichomeka katikati yao. Tukaishika barabara ya Uhuru kuelekea Buguruni, ambako klabu ya huko ilikuwa imetualika.

"Nani kaamka?" bibi anaita kutoka nyuma.

"Sisi!"

"Nani kalala?"

"Jirani!"

Mwanzoni niliitikia kwa mbwembwe. Tulipoivuka barabara ya Msimbazi sauti ikaanza kukatika, na kabla ya Ilala ikakauka kabisa. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni, kooni, hadi kwenye fizi. Unajua nikafanya nini? Nikawa nafungua mdomo tu, "Sisi", "Jirani", bila sauti, ili wa pembeni yangu wasinicheke. Nikajidanganya kwamba ndiyo mazoezi yenyewe hayo, kadiri ninavyoumia ndivyo ninavyopona. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu.

Mara barabara ikaanza kupungua upana. Giza likaniingia machoni kutoka pembeni, kifua kikabana kama mtu amenikalia, miguu ikawa si yangu. Nikayumba hadi kando, nikashika ubao uliosimamishwa nje ya karakana ya seremala. Ulikuwa laini, una vanishi mbichi. Nikainua macho. Lilikuwa jeneza.

Mama yangu! Niliogopa, sikufichi. Nikaliachia, nikapiga magoti kwenye vumbi. Nilitaka kupiga kelele, pumzi haikuwapo, na vijana walishapita wanaimba. Nilikuwa nakuwaza wewe tu, na ile picha ya babu yako ukutani, na nafasi iliyobaki wazi pembeni yake.

Aliyenifikia ni Bibi Mwanaidi na watu wake wa nyuma. Akawaambia wanikalishe, wanilegezee fulana, wasinizunguke, na mmoja akatafute teksi. Alipoona nimeanza kufumbua macho ndipo hasira zikamjia.

"We Mangi! Hiyo lafudhi yako ya mlimani naijua, ikikosekana kwenye wimbo naisikia. Tangu Msimbazi nakutafuta. Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Baba," nikasema. "Baba alikufa hivi hivi."

Akanifuta jasho kwa ncha ya kanga yake, kisha akasema polepole, "Basi humkimbii, Mangi. Unamfuata."

Daktari wa zahanati waliyonipeleka alinilaza mpaka mchana. Alisema nimeponea chupuchupu, kwamba moyo ambao haujazoeshwa, ukiukimbiza kupita kiasi chake siku ya kwanza, unaweza kukugomea. Akaniamuru nipimwe vizuri kwa sababu ya historia ya baba, kisha nianze kwa kutembea, mwendo ambao naweza kuongea na mtu. Niliporudi kwenye klabu nilitembea nyuma na bibi, naitikia. Ilinichukua muda mrefu kufika Buguruni kwa mbio, lakini nilifika nikiwa na sauti. Pale kwa seremala bado navuka upande wa pili.

Sasa nisikilize. Damu ya babu yako unayo na wewe. Kapime moyo kwanza, nitakusindikiza mwenyewe. Ukiambiwa sawa, anza upya kwa kutembea, halafu mbio ndogo, na saa ikiwaka nyekundu, punguza, hata kama wenzako wanakuacha na kukucheka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pumzi ya kuitikia ikiisha, usifungue mdomo mtupu kama nilivyofanya mimi baba yako.

Mungu akupe kifua kipana na moyo mtulivu, uzeeke mpaka wajukuu wachoke kukuamkia. Na siku utakayoanza upya, pita chini ya dirisha langu ukiimba, majirani watukane wakitaka. Nitakuwa macho. Nikiisikia sauti yako ndipo nitageukia upande wa pili, nilale.