Mtu Mwingine Katika Zuio la Mahakama

Mdogo wangu wa kiume anaongoza watalii mlimani, na huko mlimani wanampenda sana. Nimesoma mwenyewe ujumbe wanaomtumia wakisharudi kwao: jinsi alivyomshika mkono mama wa miaka sabini hatua kwa hatua, jinsi asivyopandisha sauti hata mgeni akimtapikia viatu. Mimi nashona sare za shule mjini Moshi, na kwenye kibanda changu nilikuwa nimebandika picha yake akiwa kileleni, nikiwaonyesha wateja kwa majivuno. Uvumilivu wake wote aliumalizia huko juu. Akishuka ulikuwa umekwisha, na aliyempokea nyumbani ni mke wake.

Wifi yangu aliondoka mwezi wa sita na binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa na miaka sita. Akapanga chumba Shirimatunda, huku huku Moshi. Baraza la usuluhishi la kata liliwaita mara tatu. Mdogo wangu alikwenda mara moja tu, akasema hana cha kusuluhisha kwa sababu yeye hajagombana na mtu. Baraza likaandika kwamba limeshindwa, na kwa karatasi hiyo wifi akafungua shauri la talaka. Kabla halijaanza kusikilizwa akaomba zuio, akapewa: mumewe asimsogelee, asifike anapokaa, asimchukue mtoto mpaka mahakama iamue nani atamlea.

Nilikasirika. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu siku hizi kuna watu wananichukulia kama mtu mwema. Nilimkasirikia yeye, si mdogo wangu. Nilisema mbele ya wateja kwamba mwanamke anayempeleka mume mahakamani hana kwao, na kwamba kila nyumba inafuka moshi. Nilisema mengi. Mdomo wangu haujawahi kuwa na kitasa.

Hata hivyo wifi hakuacha kunipigia simu, wala kumleta mtoto kibandani siku za Jumamosi akakaa chini ya meza yangu akichambua vifungo kwa rangi. Alikuwa amefiwa na wazazi wote, na ndugu zake wako mbali. Kwa hiyo alikuwa na mimi, na mimi ndiye huyo niliyekueleza.

Desemba ilipofika mdogo wangu akapiga simu. Mama yetu anakaa Rombo, juu ya mji wa Mkuu, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, alichoachiwa na baba, na mwaka huo alikuwa anaugua miguu. Mdogo wangu akasema mama analia, anamtaka mjukuu wake Krismasi. Siku tatu tu. Nikamuuliza kuhusu zuio. Akanijibu kwamba zuio ni lake yeye, na yeye Krismasi atakuwa mlimani na wageni, msimu wenyewe si naujua? Niliujua. Niliijua pia sauti yake akidanganya, tangu akiwa mtoto wa kuiba maziwa kwenye kibuyu. Huwa inakuwa laini mno mwishoni. Niliusikia ule ulaini, nikaamua sikuusikia.

Na mimi mwenyewe nilitaka aende. Kwetu hata aliyekwenda kuishi mwisho wa dunia, Krismasi anapanda kwao. Mtoto kubaki tambarare, kwenye chumba cha kupanga, wakati wenzake wote wanakula nyama kihambani, niliona ni kumfanya yatima na wazazi wake wapo.

Nikaenda Shirimatunda kumwomba. Wifi alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili nikamwapia kwamba mdogo wangu hatakuwepo, na kwamba siku ya tatu nitamrudisha mtoto mwenyewe. Akafunga begi taratibu: nguo, mafuta ya kupaka, dawa ya kikohozi. Akaniwekea mkono wa mtoto kwenye mkono wangu.

"Nakupa wewe, wifi," akasema. "Yeye sijampa."

Tulipofika kihambani mdogo wangu ndiye aliyetufungulia geti, mikono ina damu ya mbuzi. Alicheka, akasema wageni wameahirisha safari. Ningegeuka hapo hapo. Lakini mama alikuwa ameshatoka kibarazani na fimbo yake, anamwita mtoto, majirani wameshakaa na vikombe vya pombe ya mbege, na mimi nikajiambia kwamba siku tatu si kitu.

Mchana wa siku ya pili mdogo wangu alimfokea kijana wa jirani aliyemwaga supu. Hakumgusa, alifoka tu. Mtoto alikuwa anacheza peku karibu na banda la ng'ombe. Bila kuangalia mtu, akaenda akavaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, akakaa kwenye ngazi ya mlango akitazama geti. Alikaa hivyo mpaka sauti ikashuka, kisha akavivua akarudi kucheza. Hakuna aliyemfundisha mbele yangu; alifanya kama mtu anayeingiza nguo ndani mvua ikianza. Nikajua kwamba katika nyumba ya mdogo wangu mambo yalikuwa makubwa kuliko nilivyokubali kuyajua.

Siku ya tatu sikuliona begi. Mama akasema mtoto anabaki, ukoo umekaa ukaamua. Mdogo wangu akaniambia shule imeshapatikana Mkuu, na kwamba mwezi wa tatu mtoto anatimiza miaka saba. Alikuwa ameulizia: chini ya miaka saba sheria inamwelekeza mtoto kwa mama, lakini akishavuka hapo, tena awe ametulia mahali, hakimu anasita kumhamisha. Nilibisha, nikapiga kelele, nikaitwa mwanamke wa mjini. Mwishowe nikashuka peke yangu. Nilimwacha mtoto amelala mchana huo, na sikumuaga.

Wifi alikuwa amesimama nje aliponiona nakuja bila mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Hakutukana. Aliingia ndani akatoka na karatasi ya zuio, akanipa nisome kwa sauti, hapo hapo mlangoni. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Ilisema mjibu maombi, yaani mdogo wangu, asimchukue mtoto, yeye mwenyewe wala kwa kupitia mtu mwingine.

"Mtu mwingine ni nani?" akaniuliza.

Nikaikunja karatasi, nikamrudishia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeishona mimi.

Januari ile sikutulia hata siku moja. Ni mwezi wa sare, kibanda kinajaa wazazi toka asubuhi, na mimi nilikuwa naunga mkono wa kushoto kulia, natoboa vitundu vya vifungo upande usio wake, nafumua, naunga tena vilevile. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nataka kukaa. Simu ikilia presha inapanda, isipolia inapanda zaidi. Nilihesabu wiki mpaka Machi kwa vidole, kama anayehesabu mimba ya ng'ombe. Kila siku aliyokaa mtoto Rombo ilikuwa inaandika jambo upande wa mdogo wangu, na aliyekuwa amempa kalamu ni mimi.

Afisa ustawi wa jamii alituita, wifi na mimi. Nilimwambia nitapanda nikamchukue mtoto kwa nguvu, geti nalijua. Akanikataza. Alisema nikimnyakua, hakimu atakuta pande mbili zinazonyakua, hataona tofauti. Mdogo wangu ameshaiandikia mahakama kwamba mke mwenyewe alimtoa mtoto kwa hiari, sasa anamgeuka. Aliyekuwepo mtoto akitolewa ni mtu mmoja tu. Bila ya maneno yangu, lilikuwa neno la mke dhidi ya la mume. Nikiyasema, nitakuwa pia nimekiri kwamba nilivunja zuio, na hakimu anaweza kunichukulia hatua.

Nilipanda Rombo kumweleza mama kabla hajasikia kwa watu. Mdogo wangu safari hii alikuwa mlimani kweli. Mtoto alikuwa shuleni. Mama alinisikiliza akiwa anachambua maharage, hakunikatiza. Nilipomaliza akasimama kwa taabu, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, kule tulikomzika baba, akarudi na jani la isale. Alikuwa amelifunga fundo.

Kwetu anayekukosea akikuletea isale, umesamehe. Hakuna kufikiria. Watu wamesamehe damu kwa jani lile, na anayelikataa anasemekana kujitafutia laana yeye na uzao wake. Na analileta mkosaji, kwa kawaida mdogo kwa mkubwa. Sijawahi kusikia mama mzazi akimshikia isale mtoto aliyemzaa. Alilishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, usimwanike mdogo wako," akasema. "Nimekosea mimi. Nisamehe mimi, yaishe hapa."

Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na nilitaka kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. Kusema kweli nilimsamehe, palepale, sina kinyongo naye mpaka leo. Lakini alichotaka hakikuwa msamaha. Nikilipokea lile jani nisingeweza tena kusimama mahakamani, na wote wawili tulilijua hilo. Nikaweka mikono nyuma. Nikamwambia kwamba aliyekosewa si mimi, yuko Shirimatunda, na mwingine yuko darasa la kwanza hapo chini. Mama akabaki ameshika jani. Nikamwamkia shikamoo kama mgeni anayeaga, kwa sababu sikujua nimwambie nini kingine, na hakuitikia.

Mahakamani tulikaa kwenye mabenchi marefu, ukoo wetu upande mmoja, wifi na mwenye nyumba wake upande wa pili. Nilikaa katikati, sehemu ya watu wenye kesi nyingine. Hakuna aliyeleta wakili, kwa hiyo kila mmoja aliuliza mashahidi mwenyewe, na baada ya wifi kuniuliza nikaeleza yote, ya kiapo na ya siku tatu, ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Alisimama ameshika mikono nyuma, mpole, kama anavyosimama mbele ya wageni wake.

"Dada, mtoto nilimchukua mimi kwa mkono wangu?"

"Hapana. Ulimchukua kwa mkono wangu."

Akauliza kama nimewahi kumwona akimpiga mke wake, kwa macho yangu, si ya kuambiwa. Nadhani aliuliza akiwa na hakika na jibu. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza, na kwetu jambo lisilozungumzwa huwa tunaliita halipo. Nilisema ndiyo. Nilisema siku ya ubatizo wa mtoto huyo huyo niliingia jikoni nikamkuta amemshika mkewe nywele anampiga kwa mwiko mgongoni, na sebuleni tulikuwa na mchungaji.

Hakimu, mama mmoja wa makamo, akainua macho akaniuliza nilifanya nini.

"Nilifunga mlango," nikasema. "Nilirudi sebuleni, nikaongeza sauti ya redio ili wageni wasisikie."

Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Sikumtazama wifi. Niliendelea kusema kwa sababu nilijua nikinyamaza sitasema tena: kwamba kesho yake nilimuuliza amemkosea nini mumewe, kwamba mtoto akisikia ukali anavaa viatu. Mdogo wangu alikaa chini bila swali lingine.

Hukumu ilisomwa mwishoni mwa Februari. Talaka ikatolewa. Mtoto akarudishwa kwa mama yake, zuio likaendelea, na mimi nikaonywa, nikapokea onyo langu nimesimama. Baba akaruhusiwa kumwona mtoto kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa saa mbili, ofisini kwa afisa ustawi, mbele yake. Ila wazazi wasikutane, kwa hiyo hakimu akamtaka wifi ataje mtu wa kumpeleka mtoto. Wifi alitazama mabenchi upande mmoja hadi mwingine, mpaka karani akaacha kuandika akamtazama. Kisha akasema, shangazi yake. Hakimu akamuuliza ana hakika. Akajibu kwamba mtoto amenizoea, na kwamba yeye atatufuata kwa nyuma mpaka getini.

Kihambani siendi. Krismasi iliyopita nilibaki Moshi, nikapika wali peke yangu. Mama hapokei simu zangu, ila jirani ananiambia miguu yake ina nafuu.

Lakini Jumamosi ya pili naenda. Ile ya kwanza nilimchukua mtoto kwenye kona ya soko, akanishika vidole viwili, tukatembea. Aligeuka kila baada ya maduka mawili matatu kuhakikisha mama yake yupo. Mimi sikugeuka, nilikuwa nasikia viatu vya wifi kwenye changarawe, hatua kama ishirini nyuma yetu. Nilipunguza mwendo ili atufikie, na yeye akapunguza. Nikapunguza tena. Naye akapunguza tena.