Injini Iliyonyamaza

Mjukuu wangu wa kwanza ana jina la marehemu mzee wangu, kwa hivyo namwita mume wangu, na yeye akitaka chai ananiita mke wangu hata mbele ya wageni. Ndiyo desturi yetu. Anaendesha pikipiki za porini, zile za kuruka matuta na kupanda vilima visivyo na barabara. Nikisema hakuna anayemshinda kutoka huku Kabazi mpaka Nakuru mjini, sijigambi. Nasema nilichoona na macho yangu.

Pikipiki yake aliinunua ikiwa imeshatumika. Juu ya injini ilikuwa na mlio mdogo, tik-tik-tik, kama mtu anagonga sufuria na kijiko. Vijana wa pikipiki huku kwetu hawapendi mlio huo. Wanaamini injini inayogonga ni injini mgonjwa. Basi akapita kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, akamwambia, "Boss, nikazie tapeti, inanipigia kelele." Fundi akakaza zile skrubu za juu ya valvu. Ikarudi nyumbani imenyamaza hata ng'ombe wangu hakuinua kichwa ilipoingia kwa boma. Kijana akafurahi, akaiosha.

Haikumaliza wiki nyingi ikaanza vituko. Asubuhi iliwaka bila shida. Lakini ikishapata moto, ukiizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Akiteremka kilima ililipuka kwa bomba la ekzosi, pa, pa, kama bunduki ya askari wa msitu, na kuku wakakimbilia chini ya ghala. Kilima ilichokuwa ikipanda ikicheka, sasa ilikipanda ikikohoa. Akabadilisha plagi. Akaosha kabureta. Akalaumu petroli. Kila alichobadilisha kilisaidia siku moja tu, kisha pa, pa.

Jumatano moja alikaa nayo kwenye kivuli cha ghala. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi. Aliisukuma kiki ya kuwashia kwa mkono, polepole, nikaona inashuka bila kumkataa. Injini nzima inatakiwa kukukataa kidogo, mkono usikie inasukuma nyuma. Akatoa plagi, akamimina mafuta kidogo ya injini kwa lile tundu, akarudisha, akajaribu tena. Ikashuka vile vile.

"Ingekuwa ringi za pistoni, hayo mafuta yangeziba," alisema. "Sasa hii ni valvu. Shosho, kuja uweke sikio kwa ekzosi."

"Hiyo kitu ilishanichoma mguu. Leo unataka sikio?"

"Imepoa, mke wangu. Sikiza tu, mimi nikisukuma."

Nikapiga magoti. Aliposukuma kiki nikasikia ndani ya bomba, mbali, sss. Nimelima shamba hili tangu nikiwa msichana na najua kitu gani hufanya sauti hiyo kwenye nyasi. Nilitoa kichwa haraka.

Akanieleza akitumia vidole, maana shule niliiacha darasa la tatu na hanifichi kitu kwa maneno makubwa. Kuna valvu ya kuingiza petroli na hewa, na kuna ya kutoa moshi. Ya moshi inakaa motoni, na ikipata moto inarefuka, kwa hivyo ni lazima iachiwe nafasi ndogo. Ile tik-tik ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe. Fundi alipoikaza, valvu ikawa haifungi vizuri, na moto ukawa unapenya pembeni ukiitafuna.

Alichukua kibamba chembamba cha kupimia nafasi hiyo, akajaribu kukiingiza. Hakikuingia. Akalegeza skrubu mpaka kikapita. Alipoiwasha, ile tik-tik ikarudi, na pikipiki ikapanda kilima vizuri. "Imepona," akasema. Jumamosi kulikuwa na mashindano upande wa Menengai, na watu wa timu moja walikuwa wanakuja kuchagua mwendeshaji mmoja wa kuingia kwao. Kijana huyu alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko arusi.

Ijumaa jioni nikamkuta anapima tena. Kibamba hakiingii.

"Si ulilegeza juzi?"

"Nililegeza."

"Sasa nani amekaza?"

Akajipangusa mikono muda mrefu. "Imejikaza yenyewe. Shingo ya valvu inavutika, inakula ile nafasi. Lakini nitailegeza tena, itanifikisha."

"Na ikikatika?"

"Kichwa cha valvu kinaanguka juu ya pistoni. Injini inashika, inakwama ghafla."

"Wewe ukiwa hewani?"

Akainamia skrubu, akaanza kuilegeza. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori. Alijua breki ni mbovu akiwa bado juu ya mteremko wa Mai Mahiu, na yeye pia alisema zitamfikisha. Sikumkumbusha. Jina analo, anajua.

Asubuhi ya Jumamosi alikuja amevaa buti na kofia iko mkononi. Kabla ya kila shindano namtemea mate kidogo ya baraka kifuani, kama vile mama yangu alivyotufanyia, kisha nasali. Hajawahi kutoka bila hayo. Akafungua zipu ya jaketi, akangoja.

"Fungua kichwa cha injini kwanza," nikamwambia. "Nione hiyo kitu."

"Shosho, nikifungua, leo sitaifunga. Hiyo ni kusema siendi."

"Basi ndiyo hivyo."

"Wale watu hawarudi mwaka huu."

"Mate yangu simtemei maiti. Na sitamzika mume mmoja mara mbili."

Alisimama kwa mlango mpaka chai yake ikashika utando. Kisha akaenda ghalani, nikasikia spana.

Nilipofika, valvu ilikuwa kwenye gunia. Ukingo wake ulikuwa umeungua upande mmoja, umeliwa kama biskuti, na shingo ilikuwa imekonda karibu na kichwa. Nikasema, unaona. Akaigonga kwa jiwe. Haikuvunjika. Akaigonga tena kwa nguvu, haikuvunjika, akanitazama kwa macho ambayo mjukuu wangu hajawahi kunitazama nayo.

"Ingenifikisha," akasema.

Labda. Mimi nasema isingemfikisha, na hakuna wa kutuamulia. Timu ilichukua mwingine, kijana wa Subukia ambaye mjukuu wangu humwacha nyuma akitaka.

Akatafuta valvu nyingine, iliyotolewa kwa injini iliyokufa, akaisaga mwenyewe mpaka ikakaa. Inagonga, tik-tik, inavyotakiwa. Shindano lingine liko karibu. Chai anakunywa, tunaongea habari za mvua na za ng'ombe, lakini hajaniita mke wangu tena. Kila jioni anakwenda ghalani kupima. Jumatano ile alipima huku akinionyesha kibamba kikiingia. Siku hizi nikitokea mlangoni na ungo wangu, ananigeuzia mgongo, na sioni kama kinaingia au hakiingii.