Jiwe la kurudi nalo

Miaka ile nilikuwa nabeba mihogo toka mulimani mupaka soko ya Bukavu, kitunga mugongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Shingo iliniuma kila siku. Muganga wa dispanseri, mutu asiyebeba hata kuni, aliniambia nipumuzike. Nilipumuzika siku mbili, shingo ikakaza kama mti. Ilikuwa imezoea kuvutwa. Basi nikisha kuuza mihogo, natia jiwe mu kitunga, napanda nalo mulima. Wanawake wenzangu walinicheka njia yote. Mimi nikapanda tu, na shingo ikaanza kulegea.

Kabla mwaka kuisha, yule aliyenicheka kuliko wote alinikaribia sokoni, akaniuliza pole pole: «Mama, jiwe yako iko na uzito gani?»

Nikamuambia aanze na dogo.