Jini Aliyekula Herufi Zangu

Nilipokuwa mtoto nilikunywa herufi nyingi kuliko nilizosoma. Msinicheke. Kwenye chuo chetu cha Kurani huko Garissa, mtoto mzito wa kusoma aliandikiwa aya ubaoni kwa wino wa makaa, ubao ukaoshwa, na yale maji meusi akayanywa ili maneno yamkae kifuani. Wenzangu walikunywa mara moja wakafunguka. Mimi nilikunywa mpaka ulimi ukazoea ladha ya makaa, na bado nikitazama ubao nukta zilihama. Ba ilikuwa ta, ta ikawa ya. Kwa mdomo nilikuwa hodari, naimba tangu alifu hadi mwisho bila kukwama. Nionyeshe herufi moja peke yake, kwisha habari yangu.

Ikasemwa nina jini. Pembeni mwa kijiji palikuwa na kichuguu kirefu kunishinda, na kila mtoto alijua kwamba jini wa pale hula herufi za anayekanyaga kivuli cha kichuguu chake. Fatuma, rafiki yangu wa kuchota naye maji, ndiye wa kwanza kusogeza mkeka wake mbali na wangu. Kesho yake wakasogeza wote. Nilibaki katikati ya mchanga mtupu, na sitasema uongo, iliniuma kuliko fimbo. Kisha maalimu akatoa neno: Ramadhani ikiandama kama sijausoma ubao wangu, nisirudi tena, nitawaambukiza wengine.

Na nyumbani kulikuwa na nani? Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa porini. Serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya ua wa miiba, askari mlangoni, kutoka ni kwa ruhusa. Mama alikuwa amefariki. Baba alikuwa nje na ngamia, yu hai au la, hatukujua. Tulikuwa wawili tu, mimi na ayeyo, bibi yangu, asiyejua kusoma hata jina lake.

Nilipomweleza, hakunipa pole.

"Ngamia wa jamaa zote nawajua kwa alama zao za moto," alisema. "Unadhani nilionyeshwa zote siku moja? Marehemu baba yangu alinikalisha na ngamia mmoja, nikaipapasa alama yake mpaka kidole kikaijua. Niletee herufi moja. Moja tu."

Basi kila siku nilimwomba maalimu aniandikie herufi moja kiganjani na kuniambia jina lake, nikakimbia nayo nikichunga jasho lisiifute. Na mnajua ayeyo alinipeleka wapi? Kichuguuni! Pale, alisema, mchanga ni laini na hakuna atakayekuja kutucheka. Nilipomtajia jini, akasema, "Ameshakula zako zote, huyo ameshiba." Tulichora herufi kwa vidole, ndefu kama mtu aliyelala. Niliitembea kwa miguu nikiita jina lake, kisha nikafumba macho nikaipapasa. Mpya haikuanzwa mpaka nizitambue zote za nyuma.

Alasiri moja askari akazikuta, herufi kumi na moja pale kichuguuni, kando ya ua.

"Mama, mnawaandikia shifta?" alimuuliza ayeyo, akamshika mkono.

"Habana, wallahi," ayeyo alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mtoto nasoma. Herufi nakimbia yeye."

Askari alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu mwenzetu. Alizitazama, akanigeukia. "Sitaki uimbe," alisema, akanyoosha fimbo kwenye herufi moja ya katikati. "Hii nini?"

Yarabi! Bila kuanzia alifu nilikuwa bubu. Lakini ayeyo alikuwa bado ameshikwa. Nilipiga magoti, nikaifuata ile herufi kwa kidole.

"Ha," nikasema.

"Una hakika?"

Nikapapasa juu yake, nikakuta kishimo cha nukta. "Kha. Ni kha."

Alinionyesha tatu nyingine, nikazitaja zote. Akamwachia ayeyo mkono, kisha akafuta kila kitu kwa buti lake. "Msirudi hapa," alisema. "Mwenzangu asingeuliza."

Tangu siku hiyo ayeyo aliweka mchanga kwenye sinia, tukaendelea kibandani. Ramadhani haijaandama, nikausoma ubao wangu, polepole, kidole mbele na macho nyuma. Maalimu akasema mashaallah. Mikeka haikurudi lakini. Walisema jini amebadili kazi, sasa ananisomea. Ayeyo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nikaja kuwa mwalimu. Nikiwa na mvi tayari, tuliitwa kwenye mafunzo, tukaelezwa kwamba wapo watoto ambao herufi haziwatulii, si wajinga wala hawana jini, na kwamba hufundishwa kidogo kidogo, kwa sauti na kwa kidole, kwa kurudia bila kuchoka. Tukagawiwa masinia ya mchanga. Nilitoka nje nikalia, maana ayeyo alikuwa ameshazikwa na sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi.

Mwaka jana Fatuma alinijia na mjukuu wake, msichana wa miaka minane. "Amepatwa na lile lako," alisema, hanitazami. Ulimi uliniwasha, jamani. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu utotoni. Lakini mtoto alikuwa ameshaketi peke yake mbali kabisa, karibu na ukuta, kama aliyezoea.

Nikachukua sinia, nikasogeza mkeka wangu hadi ukagusa wake.