Mifuko Niliyoulisha Mtambo wa Mama Kulwa

Naandika haya uso ukiwa bado unanichoma kwa aibu.

Tangu serikali iruhusu biashara huria, mifuko ya plastiki kutoka nje imejaa Mwanza. Mimi, mwalimu wa sayansi hapa Usagara, nilisoma kwenye mmoja kwamba umechanganywa na wanga wa mahindi, kwa hiyo unaoza. Jirani yangu Mama Kulwa, mjane, ana mtambo unaompa gesi ya kupikia kutokana na kinyesi cha ng'ombe. Ng'ombe wamebaki wawili, na moto ulikuwa hafifu.

"Mama, kitu kikioza kinatoa gesi," nilimwambia, utadhani mtambo niliuvumbua mimi. "Tuulishe mifuko hii."

"Wewe ndiye uliyesoma, mwalimu."

Tulikatakata mifuko gunia zima, tukaichanganya na kinyesi, tukamimina. Baada ya wiki tatu moto ulizimika kabisa. Sikujishuku hata kidogo. Nilimwambia anazidisha maji kwenye kinyesi, naye akaniomba radhi. Akarudi kupikia kuni, na moshi ukamrudishia kikohozi chake cha zamani.

Jana fundi aliufungua mtambo, majirani wakiangalia. Aliingiza mti mrefu, akavuta vipande vya plastiki vilivyouziba, kimoja baada ya kingine. Alisuuza kimoja, kikang'aa bluu kama kimetoka dukani.

Mama Kulwa alinigeukia. Alikohoa kwanza, ndipo akauliza taratibu:

"Kwa hiyo, mwalimu, halikuwa kosa langu?"