Nyama ya Siki ya Jumapili

Jirani yangu wa chini, hapa mjini Ulm, hukwangua tambi kwa kisu kutoka ubaoni, zikadondokea kwenye maji yanayochemka, huku akibishana na sufuria. Vidole vyake havikosi rangi ya kabichi ya zambarau. Jumatano, mumewe Gebhard alipopelekwa kupasuliwa moyo, nilimkuta jikoni akiloweka nyama kwenye siki na divai, ilowe siku nne.

"Lakini hiyo si ya kuliwa Jumapili, mama?" nilimuuliza, nikikwepa macho yake.

"Kwani Jumapili imefutwa? Hebu nipe karafuu, na huo uso wa msiba peleka kwako."

Jumapili nilipishana naye ngazini akienda hospitali, sufuria ya nyama na kabichi kaizungushia taulo.

"Juzi kafumbua macho," alisema. "Neno la kwanza, ati kabichi nisiijaze sukari."

"Na wewe?"

"Nimetia maradufu. Nataka nimsikie akigomba."