Asali Tuliyowaachia Nyuki

Nakumbuka tulivyokuwa wadogo kule Inyonga, kabla hatujahamia Mpanda mjini. Niko kidato cha tatu tu, najua naongea kama kikongwe, lakini wadogo zangu wa hapa Kashaulili asali wanaijua ya kwenye chupa, wanadhani inatoka kiwandani kama soda.

Sisi tuliila na masega yake. Babu akirudi kurina ananuka moshi mpaka kwenye kofia, tunamzunguka na vidole tayari. Ndoo haijai hata siku moja.

“Babu, mbona hujamaliza?”

“Na wenyewe wale nini?”

Wenyewe ni nyuki.

Babu hakubatizwa. Alifuata mila zake za Kikonongo, hata pori alilisalimia kabla ya kuingia. Bibi ni mlokole, na mchungaji wake alisema wasiobatizwa hatutawaona mbinguni. Mimi kuuliza naona aibu. Nikawa namuwaza tu Babu amebaki nje peke yake na ndoo yake.

Mwaka mmoja tukivuna mahindi, Bibi akatuzuia kuvuna mistari ya mwisho. “Hiyo ya wajane na wapita njia. Imeandikwa.” Jirani yetu Mama Zuhura, Mwislamu, naye kabla gunia halijaingia ndani anatenga fungu. “Hili si letu, wanangu. Ni haki ya watu.”

Siku tunapukuchua, swali likanitoka.

“Bibi, si hata Babu anaacha?”

“Anaacha nini?”

“Asali. Sasa yeye atabakije nje ya mbingu?”

Bibi akaendelea kupukuchua, punje zinadondoka kwenye beseni. “Wewe mtoto unaongea mara moja kwa wiki, halafu unanitafutia kesi na mchungaji.” Akacheka kidogo. Baadaye akasema taratibu, “Mimi mlango wa kule sikuwekwa kuulinda. Nitamwombea tu afunguliwe.”

Na alimwombea kwa sauti, hadi Babu alipofariki. Mpaka leo anamtaja.

Siku hizi kwenye grupu la darasa wanabishana dini ipi ya kweli mpaka bando linakata. Wale wale waliokula pamoja mchana. Mimi nasoma tu, sichangii. Nikimaliza chai naacha asali kidogo kwenye kijiko, nakiweka dirishani.

“Dada, unapoteza,” mdogo wangu ananiambia.

Asali yenyewe si ile ya Babu. Lakini wenyewe huwa wanakuja.